Wakala wa mizigo alipwe kwa kazi ya kabla ya meli

Ndugu Mhariri,

Lawama ni ileile Kariakoo: mawakala wa mizigo hawauzi, hawanunui, hawana meli, wengine hata lori hawana, lakini mkono wao umo katika kila shilingi. Naomba nafasi niseme kwamba lawama hiyo ni kweli nusu. Huyu mtu wa tatu ana kazi yake, ila wateja wengi wanampima kwa bei ya CBM moja, yaani mita moja ya ujazo, na kazi yenyewe haionekani hapo.

Chukua mzigo wa katoni 120 kutoka Guangzhou. Kila katoni ina sm 60 kwa 40, kimo sm 50, uzito kilo 12. Hiyo ni CBM 0.12 kwa katoni, CBM 14.4 kwa mzigo wote, na jumla ya kilo 1,440. Kwenye meli mzigo wa kuchangia unatozwa kwa CBM au kwa tani, yoyote iliyo kubwa, kwa hiyo hapa unalipia 14.4 wala si 1.44. Kwenye ndege, ujazo kwa sentimita hugawanywa kwa 6,000, na ile katoni ya kilo 12 inahesabiwa kilo 20. Wakala anayeijua kazi anaiona hesabu hii mzigo ukiwa bado ghalani kwake. Anafungua katoni moja na kuuliza: hivi viboksi vya ndani vimebeba hewa ya nini? Kimo kikishuka hadi sm 40, mzigo mzima unakuwa CBM 11.52. Karibu CBM tatu za hewa zimebaki China. Kumbuka kwamba huyo wakala naye analipwa kwa CBM. Akikwambia ufunge upya, ujue anakufanyia kazi wewe.

Kontena la futi 20 lina kama CBM 33 ndani, lakini ukipakia katoni za saizi mbalimbali, ukifika 26 hadi 28 umejitahidi. Vigae vinamaliza uzito unaoruhusiwa kontena likiwa nusu tupu; magodoro yanalijaza likiwa jepesi kabisa. Anayewakutanisha wenye vigae na wenye magodoro, akatandaza vigae sakafu nzima na magodoro juu, amewashushia nauli wote wawili, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeliweza hilo peke yake.

Lakini kuchangia kontena ni kuchangia na dhambi. Shirika la meli linatoa bili moja ya shehena, yaani hati ya kupokea na kudai mzigo, kwa kontena zima, kisha wakala anampa kila mteja bili yake ndogo. Mmoja akiandika "vyombo vya plastiki" na ndani kuna simu, kontena zima linashikiliwa likaguliwe. Mwenye nguo anasubiri. Mwenye vipuri anasubiri. Tozo hazisubiri mtu. Kwa hiyo kazi kubwa ya ghala la kukusanyia mizigo ni kukataa: kuhesabu katoni kwa orodha ya upakiaji, kufungua chache, kulinganisha na ankara, na kumwambia mteja mzigo huu haupandi mpaka cheti cha ubora cha kabla ya kusafirisha kipatikane. Ghala linalopokea kila kitu linauza nafasi tu.

Baadaye zinakuja karatasi. Msimbo wa HS, yaani namba ya forodha ya kutambulisha aina ya bidhaa, kwa Afrika Mashariki una tarakimu nane, na kukosea tarakimu kunaweza kukuhamisha kutoka ushuru wa asilimia 10 hadi 25. Mzigo wenye thamani ya shilingi milioni 10, bima na nauli zikiwemo, kwa asilimia 10 unalipa ushuru milioni 1 na VAT milioni 1.98. Kwa asilimia 25 ni milioni 2.5 na VAT milioni 2.25. Tofauti ni shilingi milioni 1.77, na tozo nyingine bado. Msimbo unatakiwa kujadiliwa bidhaa ikiwa kiwandani, picha na maelezo yake yakiwa mezani. Vivyo hivyo jina na TIN kwenye bili: kurekebisha herufi kwenye rasimu ni barua pepe moja, manifesti (orodha ya shehena ya meli) ikishafika forodha ni maombi, faini na siku.

Na siku ndizo zinazoua. Wateja huita kila tozo ya kuchelewa storeji, kumbe ziko tatu, kila moja na saa yake. Storeji ni ya bandari au bandari kavu. Demareji ni ya shirika la meli, kontena lililojaa likizidisha siku za bure pale yadi, na hizi mbili zinaweza kukimbia pamoja. Ditensheni inaanza ukishalitoa, mpaka ulirudishe tupu. Siku za bure hujadiliwa kabla ya kupakia, na anayepakia makontena mengi kwa mwaka anapewa nyingi kuliko mwenye moja. Bili halisi nazo hutolewa nakala tatu. Zikichelewa kwa kurushwa na kampuni ya vifurushi, meli inafika kabla ya karatasi. Dawa yake ni kuomba mapema mzigo uachiliwe kwa telex, yaani kwa ujumbe bila kusubiri bili halisi, mara muuzaji akishalipwa.

Kwa mizigo ya Lubumbashi na Zambia kuna la ziada. Kontena linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla, lakini likipakiwa zito upande wa mlangoni, ekseli tatu za nyuma zinapita tani 24 na mizani inakusimamisha. Kwa kuwa lina lakiri (sili) ya forodha, huwezi kulifungua barabarani upange upya. Wakala mzuri anaomba picha za upakiaji lakiri haijafungwa. Na pale safari ya kurudisha kontena tupu ni ndefu kupita siku za bure, anapiga hesabu ya kuhamishia mzigo kwenye trela hapa Dar es Salaam, chini ya usimamizi wa forodha, na kulirudisha mara moja. Kwa vitu vya kuvunjika hesabu hiyo mara nyingi inakataa.

Sasa nusu ya pili ya lawama, ambayo ni haki yao wateja. Makadirio ya bei yawe na safu mbili: fedha zinazokwenda kwa wengine, kila moja na risiti yake, na ada ya wakala mwenyewe. Kodi ilipiwe na mteja benki kwa namba ya malipo ya serikali, isipite mfukoni mwa mtu. Na ukiambiwa "bei ni ya jumla, kodi imo," omba nakala ya tamko la forodha lenye TIN yako. Wakala akianza kujiumauma, ujue mzigo umeingia kwa jina la mwingine: mbele ya TRA huna ushahidi kwamba uliulipia, na kama umesajiliwa VAT, ile asilimia 18 huwezi kuidai.

Mdau wa shehena,
Kurasini, Dar es Salaam