Usiiogope simu yako: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha.

Ujumbe ulionitumia, ule wa kwamba mionzi ya simu inaua usingizi, nimeusoma wote, pamoja na tangazo la kibandiko cha kuzuia mionzi lililowekwa chini yake. Unasema unakesha hadi saa nane usiku na sasa unaiogopa hata simu yako. Kibandiko hicho usinunue, mwanangu. Mionzi hiyo ndiyo mawimbi ambayo simu huwasiliana nayo na mnara; kibandiko kingekuwa kinayazuia kweli, simu isingeshika mtandao.

Utafiti unaotajwa kwenye ujumbe huo upo. Ulifanywa na wataalamu wa Sweden na Marekani, tena kwa fedha za watengenezaji wa simu wenyewe, na Januari 2008 magazeti ya Uingereza yakaukuza. Watu 71 walikaa muda wa saa 3 na mawimbi kama ya simu kando ya kichwa, na siku nyingine wakakaa hivyo hivyo bila mawimbi, pasipo kuambiwa ipi ni ipi. Baada ya mawimbi walichelewa kama dakika 6 zaidi kuingia kwenye usingizi mzito, na ule mzito kabisa ukawa dakika 37 badala ya 45. Tofauti hiyo siikatai. Lakini wewe huongei na simu sikioni saa 3 mfululizo kabla ya kulala! Simu iliyotulia mezani hutuma mawimbi kwa vipindi vifupi tu, kujitambulisha kwa mnara au kupokea ujumbe. Na dakika 6 hazimfikishi mtu saa nane usiku.

Wengine wanasema shida ni mwanga. Mwaka 2014 watafiti wa Boston waliwasomesha watu 12 kwenye iPad yenye mwanga wa juu kabisa, kwa muda wa saa 4 kila jioni, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10, wakilinganishwa na walivyolala baada ya kusoma kitabu cha karatasi. Nazo dakika 10 hazikufikishi saa nane usiku.

Halafu kuna tafiti za kuuliza watu tu: unatumia simu kiasi gani, unalala vipi? Hizo ndizo ninazozitilia shaka kuliko zote. Nimefanya zamu za usiku wodini tangu simu hizi hazijaja. Kulikuwa na mzee aliyevunjika mguu, usiku kucha redio yake ya betri iko sikioni, sauti ameipunguza ili asiwasumbue wenzake. Tukimchoma sindano ya maumivu, baada ya muda redio inabaki inaongea peke yake, mwenyewe anakoroma. Angepita mtu na karatasi ya maswali angeandika kwamba redio inakosesha wagonjwa usingizi. Kila unaposoma kwamba wanaoshika simu usiku hulala vibaya, uliza kwanza kipi kilitangulia.

Sisemi simu haina lawama kabisa. Mlio wa kundi la darasa lenu unaamsha, kwa hiyo uzime. Na video moja ikileta nyingine, muda wa kulala unaliwa, lakini hiyo si mionzi.

Ninachokiona mimi kwenye meseji zako ni kingine. Bumu, ile fedha yako ya mkopo wa chuo, limechelewa, una sapu ya hesabu, yaani mtihani wa kurudia, mwezi ujao, na unakunywa kahawa saa nne usiku ili usome. Mtu mwenye hayo kichwani atakodoa macho hata simu ikiwa imefungiwa kabatini. Kahawa iache kuanzia alasiri. Habari ya bumu na ada niachie mimi na baba yako, tumeshaanza kuihangaikia.

Ukiona wiki mbili tatu zinapita na bado hulali, nenda zahanati ya chuo, wala usione aibu. Nipigie Jumapili jioni baada ya ibada, nataka kusikia hiyo sapu inakutisha wapi.

Mama yako