Kabla hatujakupa diklofenaki, tuonyeshe dawa zako nyingine

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe zile za goti, kumi tu."

Mama huyu si mgeni kwenye duka letu la dawa, ila dawa zake za goti alikuwa akizinunua kwingine. Nilipomuuliza ni zipi, akafungua fundo la khanga na kutoa bahasha tatu ndogo za karatasi. Kila bahasha imeandikwa kwa kalamu ya bluu "1x3" au "1x1", basi. Hakuna jina la dawa, nguvu yake wala siku za kutumia. Vidonge vyenyewe vilikuwa vipande vya pakiti vilivyokatwa kwa mkasi, na jina limekatika katikati. Nikavipanga mezani, nikaunganisha herufi.

Bahasha ya kwanza ilikuwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ya miligramu 50. Ya pili, aliyoinunua mahali pengine baada ya goti kuzidi, ilikuwa ule mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli ambao wengi huuita diklopa. Ndani yake mna miligramu 50 nyingine za diklofenaki. Zote mbili alikuwa anameza kutwa mara tatu. Hesabu yake ni miligramu 300 kwa siku, na kikomo cha mtu mzima ni 150. Bahasha ya tatu ilikuwa dawa yake ya presha: losartani pamoja na dawa ya kukojoza maji.

Nikamtazama miguu. Mikanda ya ndala ilikuwa imeacha mifereji juu ya nyayo zilizovimba. Presha yake ilisoma 178 kwa 102. Nikamuuliza habari za tumbo. "Linawaka usiku, lakini hivyo vidonda vyangu ni vya zamani."

Sikumuuzia. Nilimweleza kwa nini, na leo naandika maelezo yaleyale, kwa sababu bahasha kama zile naziona karibu kila wiki.

Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazoleta uvimbe, joto na maumivu pale ulipoumia. Diklofenaki huzuia kutengenezwa kwake, ndiyo maana goti hutulia. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo zina kazi nyingine za kila siku: huulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na husaidia mishipa inayopeleka damu kwenye figo ibaki wazi. Kidonge hakijui kuchagua. Kinapozima maumivu ya goti, kinapunguza pia ulinzi wa tumbo na damu ya figo.

Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hawalijui, hata wale makini. Tumeambiwa miaka yote "meza baada ya kula", tukaamini kwamba chakula kinakinga vidonda. Chakula hupunguza kichefuchefu na kuungua, na ni vizuri kula kwanza. Lakini madhara makubwa hayatokani na kidonge kugusa tumbo. Yanatokana na dawa ikishaingia kwenye damu. Kwa hiyo ugali mkubwa haukulindi, na sindano ya diklofenaki kwenye makalio haikwepi tumbo hata kidogo. Mtu anayekuja akisema "nina vidonda, kwa hiyo nichome tu" anabadilisha mlango, nyumba ni ileile. Kinachosaidia kweli ni dozi ndogo iwezekanavyo kwa siku chache iwezekanavyo, na kwa mwenye hatari zaidi, daktari kumwongezea dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Walio katika hatari hiyo ni wenye umri uliozidi miaka 65, waliowahi kupata vidonda, na wanaotumia prednisoloni, aspirini au dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini. Na tafadhali usikivunje wala kukitafuna kidonge chenye ganda la kung'aa. Ganda lile limewekwa ili kisiyeyukie tumboni.

Sasa turudi kwa presha, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wengi wanaumia bila kujua. Diklofenaki hufanya mwili uzuie chumvi na maji. Presha inapanda, miguu inavimba, na dawa ya presha inaonekana haifanyi kazi. Mtu anaongezewa dozi ya dawa ya presha wakati mkosaji yumo kwenye bahasha nyingine. Ikiwa anatumia losartani, enalaprili au kaptoprili pamoja na dawa ya kukojoza kama haidroklorothiazaidi au furosemaidi, halafu akaweka diklofenaki juu yake, figo zinabanwa pande tatu kwa pamoja. Akiharisha siku mbili au akifunga siku ya joto kali bila kunywa maji ya kutosha usiku, figo zinaweza kushindwa ghafla. Kwa aliyewahi kupata kiharusi, shambulio la moyo au moyo kushindwa kusukuma damu, dawa hii haifai kabisa. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa onyo hilo mwaka 2013, na sisi tunalifuata hapa dukani.

Nguvu ya dawa hii kwa figo iliwahi kuonekana mahali pasipotarajiwa. India, Pakistani na Nepali, tai walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Figo zao zilishindwa, na mwaka 2006 nchi hizo zikaipiga marufuku kwa mifugo. Binadamu si tai, tunaivumilia zaidi sana. Lakini tangu nilipojifunza habari hiyo sijawahi kukiita kidonge hiki "cha kawaida".

Homa nayo ina kanuni yake. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Dengi huleta maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho, yaani maumivu yaleyale yanayomtuma mtu kuomba diklofenaki. Lakini dengi hupunguza chembe za kugandisha damu, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Ukiwa na homa na hujapima, tumia parasetamoli, kunywa maji mengi, kisha nenda ukapime.

Mama mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, asiinunue kwa shauri la jirani. Inaweza kuathiri figo za mtoto, na miezi mitatu ya mwisho inaweza kuziba mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Mwenye pumu iliyowahi kuchochewa na aspirini naye atuambie kwanza.

Ukishaanza kutumia, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo ukiona choo cheusi kinachonata kama lami, ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, mkojo ukipungua sana, uso au miguu ikivimba, au kifua kikibana. Usisubiri kumaliza dozi. Hii si antibiotiki. Maumivu yakiisha siku ya tatu, unaacha siku ya tatu.

Yule mama tulimwandikia barua fupi, akaenda nayo kituo cha afya siku ileile, wakampima figo. Alirudi baada ya wiki mbili, presha 142 kwa 86, ndala hazikuacha alama. Kwa goti sasa anatumia parasetamoli na jeli ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, na daktari amempa mazoezi ya kunyanyua mguu akiwa ameketi.

Kwa hiyo ukija kwetu na cheti cha diklofenaki, tutakuuliza maswali matatu kabla ya kufungua kabati: unatumia dawa gani nyingine, umewahi kuwa na vidonda, presha, figo au moyo, na kama ni mama, una ujauzito? Usione tunakuchelewesha. Beba bahasha na pakiti zote ulizonazo nyumbani, hata za miti shamba, zimwage mezani tuzipitie pamoja. Huduma hiyo na kupima presha hatutozi chochote. Bahasha utakayoondoka nayo itakuwa na jina la dawa, nguvu yake, saa za kumeza na siku ya kuacha. Na tukisema leo hatukuuzii, tutakueleza sababu na kukuandikia karatasi ya kumpelekea daktari.