Mke wa bwana yule hana jini, ana miaka 48

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule bwana wa Kisauni aliyeandika kwenye ukurasa wenu wa ushauri wiki iliyopita. Alilalamika kwamba mkewe mwenye miaka 48 amehamia chumba cha watoto na analala sakafuni, anafoka kwa jambo dogo, usiku anaamka kubadilisha nguo, na akiguswa anasema "niache." Mshauri wenu akamjibu kwamba ama pana mtu mwingine, ama nyumba imeingiliwa, kwa hivyo aichunguze simu ya mkewe na amtafute mtu wa kumsomea dua. Dua sina ugomvi nayo. Lakini katika jibu lote lile, refu kama foleni ya feri ya Likoni, hakuna mahali palipoulizwa kuhusu hedhi ya huyo mama, kama imeanza kukoma.

Mimi nauza mahamri na viazi vya karai hapa Majengo, kazi niliyoirithi kwa mama. Miaka ishirini na kitu niko mbele ya karai, kwa hivyo mimi na joto tunajuana, na ndiyo sababu nilichelewa kuelewa. Joto hili jingine lilipoanza nilikuwa na miaka 49. Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, na nani Mombasa hatoki jasho Februari? Nikadhani ni mkaa. Kisha likaja saa tisa za usiku, hakuna mkaa wala karai. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi masikioni kana kwamba nimemwagiwa chai ya moto, moyo unadunda. Dakika tatu nne limepita, na mimi nimelowa leso chapachapa, natetemeka kwa baridi. Baridi, Mombasa, Februari!

Nikaenda zahanati moja, nikapimwa malaria. Hakuna. Nikapewa dawa ya malaria hata hivyo. Mara ya pili nikaambiwa ni presha, ingawa mashine ilisoma vizuri. Mara ya tatu nikaambiwa nipunguze mawazo. Shoga yangu akasema nimetupiwa kitu na mwenye kibanda cha pili, na mwenye kibanda cha pili, maskini wa Mungu, nilimnunia miezi. Ilipita miezi kumi na minne kabla ya muuguzi mmoja mtu mzima kuniuliza huku akiandika, hata macho hakuinua: "Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaniishia.

Watu wa afya wanaita ukomohedhi, wengine menopozi. Sisi tunasema "nimekatika," na ukishasema hivyo mazungumzo yamekwisha. Hili ndilo linalonishangaza kwetu Pwani. Msichana akivunja ungo ana somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda. Akiolewa ana somo wake, anafundishwa mpaka namna ya kujifukiza udi. Akizaa, yupo wa kumkanda na kumfunga tumbo siku arubaini. Hedhi ikikoma, hakuna mtu. Hata madrasa, ambako tulisomeshwa hedhi, nifasi na istihadha bila kuoneana haya, habari ya aliyekoma tuliikuta kwenye mlango wa eda: akiachwa hahesabu tohara, yaani siku za usafi baina ya hedhi, anahesabu miezi mitatu. Hukumu tunaijua. Jasho hatukuambiwa.

Nakumbuka Ramadhani ya kwanza niliyofunga mwezi mzima bila kubakisha deni. Nilifurahi, nikamwambia dada yangu. Akanitazama kama nimemletea habari ya msiba. "Basi umeshazeeka," akasema. Na hapo ndipo penye hofu. Namjua mama mmoja anayenunua pedi kila mwezi na kuziweka kabatini zionekane, na mwaka wa pili huu hazitumii, kwa kuogopa mumewe akijua atatafuta mdogo. Wengine wanashukuru kwamba wamepumzika na gharama na maumivu. Wote wawili, mwenye hofu na mwenye shukrani, ukiwauliza mbona hawalali usiku watakwambia ni presha.

Muuguzi yule alinieleza kwa dakika kumi, mengine nimeyatafuta mwenyewe. Ovari zikichoka, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, halafu hupungua. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Lakini vurugu lenyewe huanza miaka kabla, hedhi ikiwa bado yaja, mara kila wiki tatu, mara miezi miwili kimya, mara nzito kama bomba lililopasuka. Kwa hivyo mke wa bwana yule aweza kuwa bado anaingia mwezini na akawa tayari yumo. Ama lile joto, ni kwamba ubongoni kuna sehemu inayolinda joto la mwili, na estrojeni ikipungua inakuwa kama askari wa usiku mwenye woga: paka akipita, anapiga firimbi. Joto likipanda kiasi kidogo ambacho zamani kisingemshtua, anafungua milango yote, mishipa ya ngozini inapanuka na jasho linamwagika.

Wala si jambo la wiki mbili. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba kwa nusu ya wanawake wenye mafukuto, yaani joto hilo la ghafla, ya mara kwa mara, yalidumu zaidi ya miaka saba. Kwa wanawake weusi wa huko, kipimo hicho kilifika miaka kumi. Ongeza usingizi unaokatika, viungo vinavyouma asubuhi, hasira inayokuja kabla hujajua imetoka wapi, na usahaulifu. Mimi niliwahi kukanda unga wa asubuhi nzima bila hamira. Waliokula mahamri ya siku ile wanisamehe.

Sasa naingia chumbani, mwenye haya ageuze ukurasa. Estrojeni ikipungua, sehemu za siri hukauka na ngozi yake huwa nyembamba. Tendo linauma kama kidonda kilichotiwa chumvi, na mkojo huchoma mara kwa mara. Mume anasikia "niache," anaelewa "sikutaki." Mke naye hasemi, kwa sababu alifundishwa udi na asumini, hakufundishwa la kusema siku mwili ukigoma. Wapo wanaojitia shabu wakidhani wamelegea na wanahitaji kukaza. Jamani, shabu hukausha. Unaongeza ukame juu ya ukame, na michubuko juu yake. Duka la dawa linauza vilainishi bila cheti cha daktari, na daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, kipimo kidogo. Nimewaambia hayo wateja wangu wawili watatu kwa kunong'ona, mwiko mkononi, na mmoja alilia.

Na kuna jambo ningependa mlichape kwa herufi kubwa kama wino unatosha. Jirani yangu, miaka mitatu baada ya kukatika, aliona damu. Tukampigia vigelegele. Tukamwambia usichana umemrudia, na mimi mwenyewe nikampelekea halwa. Ilikuwa saratani ya mji wa mimba, na iligunduliwa miezi minane baadaye, kwa sababu nani huenda hospitali kulalamika kuwa amerudi kuwa msichana? Damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hata ya mara moja, ni ya kwenda kwa daktari wiki hiyohiyo. Mara nyingi hukutwa ni jambo dogo tu. Hilo aseme daktari baada ya kupima, tusiseme sisi barazani. Halwa ile naionea haya mpaka leo.

Kinyume chake nako kuna mtego. Hedhi ikiruka miezi minne haina maana huwezi kushika mimba. Wataalamu husema aliyekoma baada ya miaka 50 aendelee kujikinga mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho, na aliyekoma kabla ya hapo, miaka miwili. Tena si kila jasho la usiku ni hili. Kifua kikuu hutoa jasho la usiku, tezi ya shingoni ikizidi kasi hutoa jasho, virusi vya Ukimwi pia. Unayekohoa au kukonda, usijifariji kwa barua yangu, nenda ukapimwe.

Dawa ya homoni ipo. Mwaka 2002 utafiti mmoja wa Marekani ulisitishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana kwamba vidonge vya mchanganyiko vinaongeza saratani ya matiti na madhara mengine, na dunia nzima ikatishika. Lakini wanawake wale wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Siku hizi madaktari husema kwamba kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao haijapita miaka kumi tangu wakome, faida huzidi hatari, isipokuwa wenye historia ya saratani ya matiti, damu kuganda na mengineyo ya namna hiyo. Sisemi kila mtu ameze. Mimi sikumeza, nilivumilia, na siuoni uvumilivu huo kuwa sifa. Nasema mtu aambiwe ipo, achague. Nilipouliza duka moja la dawa nilipewa vitamini na pole.

Mifupa pia hupungua nguvu kwa kasi miaka ile ya mwanzo. Bibi zetu walioanguka bafuni wakavunjika nyonga, tulisema ni kijicho. Dagaa, maziwa na simsim vinasaidia, na kutembea, na jua la asubuhi, ambalo sisi wa buibui tunalipata kidogo.

Ombi langu kwa kaunti si kubwa. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za presha na sukari, na wa mtaa wetu hupita mlango kwa mlango. Anapima, anauliza chanjo za watoto, anaandika. Aongezewe swali moja tu kwa kila mama aliyepita 40, lile lile la muuguzi wangu: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Halitaki mashine wala bajeti. Na katika hospitali zetu, mlango wa akina mama umeandikwa "mama na mtoto." Mimi mtoto wangu wa mwisho ana ndevu. Niingie mlango gani?

Akina somo wa mtaani nao, ambao nawaheshimu na baadhi ni wateja wangu, wangeweza kurudi kwa wale waliowafunda miaka thelathini iliyopita. Somo anamjua mwanafunzi wake, anajua ndoa yake, na hana haja ya kunong'ona. Nanyi gazetini, tarehe 18 Oktoba kila mwaka ni siku ya ukomohedhi duniani. Toeni ukurasa mmoja, mumwite daktari wa kike ajibu maswali, na mshauri wenu apumzike siku hiyo.

Namalizia kwa bwana wa Kisauni, kama bado analisoma gazeti hili. Mkeo halali sakafuni kwa kukukimbia. Saruji ni baridi. Mimi nimeilalia mwaka mzima, nikigeuka kila upande wangu ukipata moto. Mrudishie simu yake, na panka igeuze upande wake.

Muuza mahamri,
Majengo, Mombasa