Sautee Nacoochee ina wenyewe

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nihamie huku Georgia, Marekani, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala ya Sautee Nacoochee, ile jamii ya bondeni kaskazini mwa Georgia, imenikera mpaka nimeshindwa kunyamaza. Ile yenye picha kubwa ya kilima na kibanda cheupe juu yake. Mwandishi wenu anasema pale ni "mahali pasipo mwenyewe" eti kwa sababu si mji rasmi, halafu anajaza ukurasa mzima na mvinyo, vyungu na hadithi ya wapendanao wawili wa kale.

Kutokuwa mji rasmi maana yake ni kwamba bunge la jimbo halijawapa hati ya mji, basi. Hawana meya wala baraza la mji, lakini serikali ipo, ni kaunti ya White, ofisi ziko Cleveland, mji wa humo humo kwenye kaunti, ndiyo inashughulikia barabara za mitaani na kukusanya kodi ya ardhi, na ukipiga simu usiku anakuja sherifu wa kaunti. Sisi Wakenya neno kaunti si geni kwetu, ingetosha aeleze kwa sentensi mbili tungeelewa. Posta wanayo, na bonde lenyewe liko kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria tangu 1980. Watu wanaishi pale, wanazikana pale, wanajuana kwa majina ya babu zao.

Sasa hiyo hadithi ya binti wa chifu na kijana wa kabila adui wakafa pamoja kule mlima Yonah. Hiyo si simulizi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huku, ilienezwa kwenye maandishi karne ya 19 na mtoto wa mlowezi mmoja wa hapo hapo bondeni, na watafiti wameshalisema hilo zamani. Mmeichapisha kama historia! Na kile kilima mlichokiweka picha ni makaburi, 1915 watafiti walikichimba wakakuta maziko 75, watu waliozikwa hapo kabla walowezi wa Kizungu hawajafika, na kile kibanda cheupe ni pambo tu alilojenga mwenye shamba karne ya 19 baada ya kusawazisha kilele. Wacherokee wenyewe walikuwa wanaishi kwenye mabonde haya mpaka ardhi ilipotwaliwa kwa mkataba wa 1819, halafu dhahabu ikapatikana pale Dukes Creek mwishoni mwa miaka ya 1820, watu wakamiminika, na kufika 1838 jeshi likawafukuza Wacherokee waliobaki Georgia kwa nguvu kuelekea magharibi wakafa maelfu njiani, haya yote hayamo kwenye makala yenu hata kwa neno moja. Na lililoniuma zaidi ni Bean Creek. Bean Creek iko ndani ya jamii hiyo hiyo, ni mtaa wa watu weusi, wajukuu na vitukuu wa wale walioletwa bondeni wakiwa watumwa wa walowezi waliotoka North Carolina, wamebaki hapo vizazi na vizazi, kanisa lao lipo. Gazeti la Waafrika linatuma mwandishi mpaka huko, anarudi hajawaona watu weusi. Mimi hilo sijalielewa mpaka leo.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani na nimefanya kazi sana upande huo wa Sautee. Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Kakamega nilimpeleka, tukaingia duka moja la zawadi nikaomba karatasi yoyote inayoeleza Bean Creek, yule muuzaji akanipa ya wale wapendanao, nikamwambia hapana, nataka ya watu weusi wa hapa, akasema historia ya hapa ndiyo hiyo. Nilitoka nimefura. Tukaenda pale shule ya zamani ambayo sasa ni kituo cha jamii, kuna kijumba cha mbao cha watumwa, cha miaka ya 1850 hivi, wamekihamishia hapo wakakikarabati, na watu wa Bean Creek wenyewe walishiriki. Shangazi aliweka kiganja kwenye ubao wa ukuta akauliza, humu walikuwa wanalala wangapi? Akatoa kitambaa chake cha kichwani akakishika mkononi, kama anavyofanya akiingia kwenye boma lenye msiba. Hatukuongea mpaka tumerudi kwenye gari.

Na tukiwa hapo hapo, hii tabia ya kuandika vijijini kama ni mahali pa kupiga picha tu inawaumiza hata watu wetu. Alfajiri mabasi madogo yanawabeba Wakongo na Warundi kutoka Clarkston, karibu na Atlanta, kwenda viwanda vya kuku huko kaskazini mwa Georgia, wengi wao ni wasomaji wenu, wanaongea Kiswahili humo ndani njia nzima, wanasimama kwenye baridi ya kiwanda kutwa wakikata kuku mpaka vidole vinakufa ganzi. Hao hawajawahi kupata ukurasa. Helen inapata kila Oktoba kwa sababu ya sherehe za bia, mji ambao 1969 ulianza kugeuza nyumba zake zifanane na za Ujerumani ili watalii waje.

Ninachoomba ni hiki. Mrudisheni mwandishi yule yule, siku ya kazi, si wikendi na si Oktoba kwa sababu barabara inajaa. Aanzie kwenye kile kijumba kabla ya kitu kingine, kisha Jumapili inayofuata aende ibada Bean Creek, akae mpaka mwisho, aombe ruhusa ya kuongea na wazee, asitoe kamera kabla hajaruhusiwa. Vyungu aviache, wale wafinyanzi wa ukoo wa Meaders wa Mossy Creek wameshaandikwa vya kutosha na wanastahili, lakini si zamu yao. Halafu mchapishe ukurasa ule ule wa kwanza, picha kubwa kama ile ya kilima. Kama shida ni mafuta ya gari, mimi nitampeleka, Jumanne huwa sina zamu.

Msomaji wenu, Lawrenceville, Georgia