Jukwaa la Porthcurno juu ya bahari

Mhariri,

Wanaodai kwamba maigizo hayawezekani bila ukumbi wa mamilioni wakumbuke Porthcurno, kijiji kidogo cha pwani ya Cornwall, Uingereza, ambako wanakijiji walipotafuta mahali pa kuigizia tamthilia ya Shakespeare, Bi. Rowena Cade aliwapa sehemu ya bustani yake, akachonga jabali pamoja na wasaidizi wawili hadi jukwaa likafunguliwa mwaka 1932. Onyesho hilo lilimulikwa kwa msaada wa taa za magari. Baadaye alibeba mwenyewe mchanga kutoka ufukweni, akamwaga zege la viti na kulitia nakshi kabla halijakauka kwa ncha ya bisibisi kuukuu (bisibisi, wala si patasi ya fundi). Alifariki mwaka 1983. Jukwaa bado linatumika.

Msomaji wenu,
Tanga