Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati, Zanzibar: jua linalotuchoma litupoze

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum.

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita hapa Jambiani, na kilichonifanya nishike kalamu ni Februari. Kaskazi ikilegea, fukuto halitoki chumbani mpaka alfajiri. Umeme ukikatika usiku, mgeni anavumilia nusu saa. Mwaka huu niliwakuta wazee wawili, mtu na mkewe, wamekokota godoro hadi barazani, wanapepeana kwa gazeti. Hawakunilalamikia. Asubuhi walifunga mizigo, siku tatu kabla ya siku zao kwisha.

Jenereta ninayo. Inakunywa dizeli, inamwamsha mtoto mchanga wa jirani, na moshi wake unaongeza joto lilelile tunalolikimbia. Kina mama wa hapa wamelionja joto hilo kabla yetu sote: mwani wa cottonii, ule wenye bei, umewashinda kuulima kwa sababu maji ya pwani yamepata moto.

Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Fumba huku kwetu. Ulikatika Desemba 2009, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu ya joto, na ndiyo miezi ya wageni. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 na tukashukuru. Tangu hapo hoteli zimeota pwani nzima, kila chumba na kiyoyozi chake, na bado tunaning'inia kwenye nyaya za baharini.

Ombi langu kubwa ni mita inayohesabu pande zote mbili: umeme ninaouchukua na ninaoutoa. Mchana vyumba vyangu vitupu, wageni wako ufukweni. Paneli za jua juu ya paa zingelisha friji na pampu, na ziada ikaenda kijijini, kwenye shule na kituo cha afya. Usiku, watu wanapotaka kulala, nirudishiwe nilichotoa. Betri za kutosha vyumba sita sina uwezo nazo, na wenye nyumba ndogo wengi ni kama mimi. Hoteli kubwa zinaweza kununua, basi zitakiwe kufanya hivyo kabla ya kupewa kibali cha kuongeza vyumba.

Kibali hicho kiangalie na jengo lenyewe. Waliojenga Mji Mkongwe waliweka kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu na ua wa ndani. Leo tunajenga vioo vinavyotazama machweo, halafu tunawasha kiyoyozi kupigana na vioo vyetu. Pangaboi linakula kama wati 70, kiyoyozi cha kawaida kama 1,000. Chumba chenye kivuli na upepo kinaridhika na pangaboi usiku mwingi wa mwaka.

Na wafanyakazi, Mheshimiwa. Wanaotandika vitanda hivyo vya baridi wengi wanalala chini ya mabati, bila hata feni. Sheria yoyote utakayoitunga ianze na mabweni yao.

Njoo Februari, saa saba mchana, bila msafara. Nitakupeleka kwanza kwenye chumba cha kufulia, ukae na kina dada mpaka shuka zikauke.

Mwenye nyumba ya wageni,
Jambiani, Kusini Unguja