Jumamosi tunaanza saa 3, sio saa 4

Habari za jioni, wanakikundi. Poleni na majukumu. Jumamosi tukutane kwa somo letu la mitandao ya kompyuta saa 3 kamili asubuhi, chumba kile kile cha kompyuta. Kuanzia saa 6 kuna wenzetu wanakihitaji.

Tutaanza na anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kabla ya kuja, kila mtu afungue mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yake, aandike namba anayoikuta. Wengi mtaona inaanza na 192.168. Hiyo ni ya ndani tu, haivuki ruta, ndiyo maana hata jirani yako anaweza kuwa na hiyo hiyo na msigongane. Yale matabaka 7 ya OSI (mfumo unaogawa kazi za mtandao katika ngazi) msiyakariri jamani, tutayaona kwa vitendo.

1. Mchango sh 3,000 za waya na vichwa vya RJ45, vile vya kuchomeka waya wa mtandao. Mwisho Alhamisi saa 12 jioni, kwa mweka hazina.
2. Mwenye koleo la kubania vichwa aje nalo. Kumbukeni, ndani ya kichwa uzi wa kijani na wa kijani-nyeupe havikai pamoja, katikati yao kuna jozi ya bluu. Hapo ndipo wengi hukwama.

Anayekuja aandike "Nipo" hapa hapa kabla ya kesho usiku. Mwenye udhuru naye aseme, waya tunanunua kwa idadi ya watu. Asanteni sana.